Mkazi Abadilishe Swali: Utafiti wa Simu Mitaani Kibera



Kisumu Ndogo, kijiji kimojawapo cha Kibera jijini Nairobi, imezoea watafiti wa simu. Huja na programu iliyokwisha kutengenezwa, humpa mama mboga aibonyeze, kisha humwuliza kama ameipenda. Naye, kwa heshima ya mgeni, husema ndiyo. Ripoti huandika kwamba mtumiaji ameshirikishwa. Nakataa. Ushirikishwaji huanza pale mkazi anapoweza kusema kwamba mmeuliza swali lisilo lake, na mtafiti akalazimika kulibadilisha.

Mfano wa swali kubadilishwa tunao mifukoni. Oktoba 2005, M-Pesa ilianza kujaribiwa katikati ya Nairobi, Mathare na Thika, kwa mawakala wanane na wateja wasiofika 500. Ilikusudiwa kuwawezesha wakopaji wa Faulu Kenya kulipa mikopo yao midogo kwa simu. Watu wakaifanyia mambo yao. Wafanyabiashara wakalipana. Mwenye duka, akikuta benki imefungwa, aliweka mauzo ya siku kwa wakala yalale salama. Msafiri aliweka fedha mji mmoja akazitoa mwingine baada ya saa chache, asitembee nazo njiani. Wengine walinunua kredi ya simu wakawatumia jamaa mashambani. Nick Hughes na Susie Lonie, waliouongoza mradi, wangeweza kuyaita hayo matumizi mabaya. Waliyafuata, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikawa ya kutumiana pesa. Mikopo ikawekwa kando.

Hata hivyo, watu wale walitazamwa tu. Hawakuitwa mezani.

Kibera, wakazi walikaa mezani. Mwaka 2009, Erica Hagen na Mikel Maron walianzisha Map Kibera pamoja na vijana 13 wa mtaa huo. Wakati huo Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za intaneti. Vijana walipita vichochoroni na vifaa vya GPS wakiandika zahanati, shule, vyoo na vituo vya maji, wakaviingiza OpenStreetMap, ambako yeyote anaweza kuvitumia. Lakini kilichonigusa zaidi kilikuja baadaye. Ramani zilichapishwa, zikafunikwa kwa karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake, na wasichana wakashika kalamu kuonyesha pasipo salama kwao. Karatasi hiyo humfundisha mbunifu wa programu za simu zaidi kuliko dodoso lolote. Msichana anayeogopa kutoa simu kichochoroni hatatumia programu inayomtaka asimame palepale apige picha ya bomba lililopasuka, hata ikiwa nzuri namna gani.

Nikumbushe pia M-Maji, huduma ya simu iliyobuniwa kwa ajili ya Kibera: muuza maji atangaze bei na mahali alipo, mnunuzi apige namba fupi ajue pa kupeleka jerikeni yake. Ilifaa hata kwa mulika mwizi, bila intaneti, na huo ulikuwa uamuzi wa busara. Ila muuzaji ana hesabu yake. Mifereji ikikauka bei hupanda. Bei aliyoitangaza asubuhi itamfunga jioni. Kwa nini aitangaze? Huyo asipokuwepo siku ya kwanza ya kuchora huduma, hesabu hiyo itagunduliwa wakati pesa za mradi zimekwisha.

Kuna mambo madogo yanayoamua makubwa. Simu ya nyumba huenda ikawa ya watu watatu, na namba ya siri ya bibi anaijua mjukuu anayemsomea ujumbe. Kwa hiyo ‘mtumiaji mmoja’ wa vitabu vyetu mara nyingi hayupo. Anayeacha kibanda chake kuja kwenye kikao chetu anapoteza mauzo, na soda haiyalipi.

Ndiyo maana naiomba kamati yetu ya maadili iongeze masharti mawili kabla ya kuidhinisha utafiti wa aina hii: bajeti ionyeshe malipo ya muda wa wakazi, na mtafiti aeleze, kwa maandishi, atakachofanya wakazi wakilikataa swali lake.