Mpunga, Pamba na Maji ya Luama: Elimu ya Mazingira Kusini mwa Maniema



Nianze na sahani. Mchana wa leo, nyumba nyingi za hapa Kasongo zimepika wali na sombe, yaani majani ya muhogo. Wali huo haukuwa chakula cha wahenga wetu wa kale. Mpunga uliingia Maniema, mashariki mwa Kongo, katika karne ya 19 na misafara iliyotoka pwani, ikapita Ujiji na Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe. Walioleta mbegu ndio hao hao walioleta minyororo na kuwamaliza tembo kwa ajili ya pembe. Hilo halifichiki, na vitukuu wa waliofungwa tumo humu ukumbini. Hata hivyo, mpunga uliishi muda mrefu kuliko utawala wa waliouleta. Majeshi ya Dhanis, afisa Mbelgiji, yaliutwaa mji wa Kasongo Aprili 1893, himaya ya wafanyabiashara wa watumwa, akina Tippu Tip, ikavunjika, na mpunga ukabaki shambani. Ulibaki kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuufanya wao: walijua unapenda udongo gani, upandwe mvua zikifika wapi, ndege wafukuzwe vipi.

Pamba ilikuja kwa njia nyingine. Kuanzia 1917 serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha watu wa Maniema kuilima. Baadaye sheria ikaweka siku 60 za kazi kwa mwaka, na kilimo hicho cha lazima kikapewa jina rasmi la kilimo cha kuelimisha. Naomba tulitafakari jina hilo. Mtu aliyekataa kuelimika alitozwa faini, akafungwa, akachapwa fimbo. Babu aliyelima pamba alijifunza jambo moja kwa uhakika: afisa akitamka neno elimu shambani, ficha uso wako. Baada ya uhuru tukapata salongo ya Mobutu, kazi ya pamoja kwa amri, barabara zikifagiliwa siku mkubwa anapopita.

Nayasema haya kwa sababu kila nikisikia kwamba wanavijiji wetu ni wagumu kuelimishwa kuhusu mazingira, huwa najiuliza anayesema hivyo anajua walielimishwaje. Msimamo wangu ni kwamba hapa kwetu elimu ya mazingira itashika ikiingia kama mpunga, na haitashika kamwe ikiingia kama pamba.

Tazameni moto. Kasongo na Kabambare ziko pale msitu mkubwa unapoanza kuiachia nyika nafasi, na misitu iliyobaki mahali pengi ni ile inayofuata mito. Mkulima hukata kipande, huchoma, hupanda mpunga, kisha muhogo, halafu huliacha shamba lipumzike. Mtaalamu mgeni akiona moshi husema huu ni uharibifu. Lakini wazee wanajua kusoma ardhi iliyopumzika. Kwanza huota nyasi, kisha vichaka, kisha ule mti unaokua upesi wenye majani yaliyotandazwa kama mwavuli, na chini ya kivuli chake miti ya kudumu huanza kurudi. Majivu hulisha udongo kwa misimu michache tu. Kinachourudishia nguvu ni miaka ya mapumziko. Tatizo letu ni kwamba miaka hiyo imefupishwa. Vita vimewafukuza watu vijijini, wakajazana kandokando ya barabara na karibu na miji, kila familia ikirudia kipande kile kile kabla hakijapona. Mama anayelima shamba lililochoka anajua vizuri kwamba limechoka. Hana pengine pa kwenda. Kumfundisha kwamba miti ni mizuri ni kumdharau. Afundishwe, au tuseme ajaribu pamoja nasi, kupanda karanga na maharage yanayorudishia udongo rutuba, na kufyeka ukanda wa kuzuia moto kabla ya kuchoma, ili moto wa shamba moja usile kilima kizima wakati wa kiangazi.

Kwa upande wa Kabambare kuna dhahabu, na hapa neno langu ni zito zaidi. Palipo na zebaki, mchimbaji huichanganya na mchanga uliosafishwa, ikakamata chembe za dhahabu, kisha huuchoma mseto huo motoni, mara nyingi jikoni, mtoto akiwa mgongoni. Mvuke hauonekani na huingia mapafuni. Zebaki inayomwagika mtoni huzama kwenye tope, vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, samaki wadogo huila, wakubwa huwala wadogo, na mwisho wa safari ni sahani. Luama hukusanya maji ya Kabambare na kuyatia Lualaba juu ya Kasongo. Kutoka hapo yanashuka Nyangwe, Kibombo, Kindu. Mvuvi wa Kigenya, wa jamii ya wavuvi wa Lualaba, hajawahi kuingia shimoni, lakini samaki wake ameogelea katika maji hayo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki ulianza kutumika 2017, ila mchimbaji hasomi mikataba. Mwonyesheni chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke na kumrudishia zebaki yake aitumie tena. Akiona kwamba anaokoa fedha na mapafu kwa pamoja, atamwonyesha mwenzake.

Je, elimu ya namna hii, inayoingia kama mpunga, inawezekana? Kasongo imewahi kufanya hivyo. Mwaka 1971 ulianza hapa mradi wa afya ulioshirikiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerpen. Vituo viliwekwa karibu na watu, muuguzi akajua familia anazozihudumia, takwimu zikakusanywa papa hapa na kutumika papa hapa. Utafiti wa Kasongo kuhusu chanjo ya surua ulichapishwa na kujadiliwa duniani mwaka 1981, na mfumo wa kanda za afya nchini ulijifunza mengi kutokana na kazi hiyo. Mji huu umewahi kuwa mwalimu.

Katiba yetu ya 2006, ibara ya 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya na wajibu wa kuyatetea. Ibara nyingine ya katiba hiyo inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Mimi nazisoma ibara hizo mbili pamoja. Mtoto akifundishwa mzunguko wa maji kwa Kifaransa cha kukariri, atapata alama na kwenda mtoni vile vile alivyokuwa. Mwulize kwa Kiswahili cha nyumbani kwa nini kisima cha shangazi yake kinakauka mapema siku hizi, naye atakuwa na la kusema, pengine hata la kukusahihisha. Tangu 2019 shule ya msingi ni bure, madarasa yamejaa, vitabu havitoshi. Lakini mto hauhitaji kuchapishwa.

Kwa hiyo nawaomba ninyi walimu. Kabla mvua za Septemba hazijashika, kila mmoja atafute mzee mmoja na mama mkulima mmoja, awapeleke wanafunzi wake kwenye shamba lililolala, na awaache wale wawili wafundishe. Ninyi andikeni: majina ya mimea, miaka ya mapumziko, kina cha maji kisimani. Mwakani rudini mahali pale pale na daftari lile lile.