Nyumba ya Kambare

Waswahili wakiiona nyumba ambayo kila mtu ni mkubwa, husema hiyo ni nyumba ya kambare: baba ana sharubu, mama ana sharubu, na mtoto naye ana sharubu. Leo tuingie katika nyumba hiyo tuone kama kweli ipo.

Sharubu zipo. Ni jozi nne, yaani nane kwa kila samaki, dume kwa jike. Lakini si za ukubwa. Kambare hukaa chini kwenye tope la mto, bwawa au ziwa, ambako jicho halina kazi kubwa, na hula zaidi usiku. Sharubu hizo ndizo vidole vyake na ndizo ulimi wake. Hula karibu kila kitu: wadudu, konokono, samaki wadogo, hata mizoga. Ndiyo maana wako wanaomwita mchafu. Wengine, kama ndugu zetu Wasabato, hawamli kwa ajili ya imani yao, kwa kuwa hana magamba. Na hilo mimi sina ubishi nalo.

Msikilizaji mmoja aliniuliza mbona sokoni kambare hukaa kwenye ndoo yenye maji kidogo tangu asubuhi, na mchana bado anapiga mkia, wakati sato amekwisha kufa zamani. Sababu ni kwamba juu ya matamvua, kila upande, kambare ana chumba, na ndani yake mmeota kitu mfano wa mti mdogo wenye matawi, uliojaa damu. Hupanda juu, humeza hewa, hurudi chini. Madhali kiungo hicho kina unyevu, anaishi. Dimbwi likikauka, hutoka usiku akijikokota kwa miiba ya mapezi ya kifuani, akatafute maji mengine.

Basi tumezoea kusema kambare hafi. Hapo tunakosea.

Mvua kubwa zikianza na mito ikifurika, kambare huyaacha matope yao wakapanda kwenye nyasi zilizofunikwa na maji mapya. Huko, usiku, jike hutaga makumi ya maelfu ya mayai yanayonata kwenye majani, dume huyarutubisha, kisha wote wawili hujiondokea. Hakuna anayebaki kulinda. Kwa hiyo nyumba ya kambare haipo kabisa. Huyo mtoto mwenye sharubu hamjui baba wala mama. Mayai huanguliwa kwa siku moja au mbili, na kitoto kinachotoka hakina kile kiungo cha kuvutia hewa. Hupita wiki mbili au tatu kabla hakijaanza kufanya kazi. Muda wote huo anahitaji maji mazuri kama samaki mwingine yeyote, na majani ya kujificha.

Wafugaji wanalijua hili. Kambare wa bwawani hunenepa na mayai yakamjaa, lakini kwa kawaida hatagi mpaka achomwe sindano ya homoni, kwa sababu mafuriko anayoyangoja hayaji.

Sasa tazama mijini. Bonde la nyasi linalofurika kila masika tunalimwagia kifusi na kulipima viwanja. Mto wenyewe tunauacha, na kwa kuwa kambare wazee bado wamo, hata kwenye maji meusi, tunasema mbona wapo! Wapo wazee. Huko mashambani nako wako wanaotega nyavu mdomoni mwa kijito usiku ule ule wa mvua ya kwanza. Ningu wa Ziwa Victoria, ambaye naye hupanda mito kwenda kutaga, alivuliwa hivyo kwenye midomo ya mito, na kufikia katikati ya karne ya 20 uvuvi wake ulikuwa umeanguka.

Ukinunua kambare wakati wa masika, ukampasua ukakuta tumbo limejaa mayai ya kijani iliyochanganyika na kahawia, huenda huyo alikamatwa akiwa njiani kwenda kwenye nyasi.