Njia ya Pumzi ya Injini na Viungo Vyake

Jioni hii tutazungumza habari ya kitu ambacho mwenye motakaa hakinunui wala hakipimi, nacho ni hewa. Watu wengi hudhani ya kuwa injini hula petroli peke yake. Sivyo hata kidogo. Petroli haiwaki bila ya hewa, na hewa itakiwayo ni nyingi mno: kila kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa. Na kwa kuwa hewa ni nyepesi, lita moja ya petroli huchukua zaidi ya lita 9,000 za hewa. Gari itokayo Mjini kwenda Nungwi, mwendo wa kilomita karibu 60, ikiwa imetumia lita 6 za petroli, basi imekwisha vuta hewa ya kujaza mapipa makubwa 270. Nayo ni hewa ile ile ya barabarani, yenye vumbi la gari iliyotangulia mbele.

Hewa hiyo haiingii ovyo. Ina njia yake. Huanza katika mdomo wa bomba, ikaingia katika sanduku la chujio, ikapenya kwenye chujio lenyewe ambalo aghalabu ni karatasi iliyokunjwa-kunjwa. Ikitoka hapo hupita katika bomba la mpira mpaka kwenye kilango kifunguliwacho na dereva akanyagapo mafuta, kisha katika bomba la chuma au plastiki lenye matawi, ambalo mafundi huliita manifoldi, na kila tawi hupeleka pumzi katika silinda yake. Katika magari ya zamani kilango hicho kilikuwa ndani ya kabureta. Motakaa nyingi za siku hizi hazina kabureta. Badala yake zina kipima hewa baada ya chujio, na mashine ndogo ya umeme hutoa petroli kwa kadiri ya hewa iliyopimwa.

Kina mama watalifahamu jambo hili upesi kuliko sisi. Chujio la hewa ni kifumbu cha kuchujia nazi. Kifumbu kikiwa kizima, tui hushuka safi na chicha hubaki ndani. Lakini mshono ukifumuka mahali padogo tu, hata uzi wa kifumbu ukiwa mpya, chicha itapita pale pale penye tundu. Ndivyo ilivyo injini. Mtu atanunua chujio jipya, akalitia kwa mikono yake, akafurahi. Na nyuma ya chujio hilo bomba la mpira limepasuka, au halikuingia sawasawa mdomoni mwake. Injini huvuta pale penye wepesi, na hewa ipitayo katika ufa haikuchujwa na kitu.

Vumbi la Unguja si la namna moja. Upande wa mashariki na kusini, kuelekea Makunduchi na Mtende, ardhi ni ya mawe ya matumbawe, na vumbi lake ni jeupe kama chokaa. Vumbi hilo ni laini kuliko chuma. Hatari yake kubwa ni kuziba chujio kabla ya wakati. Lakini mchanga wenye punje ngumu za kung'aa ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Punje hizo zikiingia huchanganyika na mafuta ya injini, zikawa kama msasa baina ya pistoni na ukuta wa silinda, na kila pistoni ipandapo na kushukapo, husaga. Ringi hulika. Nguvu hupungua. Mafuta ya injini hupanda juu na kuungua, na moshi wa buluu hutoka nyuma.

Hapo ndipo huanza fitina. Tajiri aliyenunua gari kwa fedha za miaka, gari ambayo ndiyo shamba lake na mnazi wake, huona mafuta ya injini yanapungua kila juma. Humwita dereva akamwuliza, "Mwanangu, mafuta yanakwenda wapi?" Dereva huapa ya kuwa hajui, na kweli hajui. Tajiri humdhania kuwa anayauza. Wangapi wamefukuzwa kazi kwa sababu ya mpira uliopasuka mahali pasipoonekana! Kabla ya kumtuhumu mtu, yafaa kulifungua bomba lililo baina ya chujio na kilango, kisha kupangusa ndani yake kwa kitambaa cheupe. Baada ya chujio, bomba lapasa kuwa safi. Kitambaa kikitoka na vumbi, chujio halikukaa vizuri au kiungo fulani kinavuja. Na jawabu la tajiri liko katika kitambaa hicho.

Sasa tuseme habari za kuunga. Kwanza bomba la mpira likunjwe kwa mikono, hasa penye mikunjo yake, kwa kuwa nyufa hujificha katika mabonde ya mikunjo wala hazionekani bomba likiwa limenyooka. Joto la injini hukausha mpira, na sisi tuna joto la juu na joto la chini. Pili, midomo yote miwili ipanguswe mpaka isiwe na mafuta wala mchanga. Mdomo wa chuma au plastiki aghalabu una ukingo ulioinuka kidogo. Mpira usukumwe upite ukingo huo, kisha klipu, yaani ile pete ya chuma yenye skrubu, ikae nyuma ya ukingo. Klipu ikikaa juu ya ukingo wenyewe au pembeni kabisa mwa mpira, itateleza siku ya kwanza gari ipitapo kwenye mashimo.

Wako wakazao klipu kwa nguvu zao zote, wakadhani kukaza sana ndiyo amana. Mpira hukatwa na pete, na mdomo wa plastiki huvunjika. Ikazwe mpaka bomba lisizunguke kwa mkono, basi. Na kwa sisi watu wa pwani, afadhali kununua klipu ya chuma kisichoshika kutu ingawa bei yake ni zaidi, kwa sababu hewa yetu ina chumvi, na klipu ya chuma cha kawaida hukatika bila ya kuaga.

Juu ya kufunga kwa vipande vya mpira wa tyubu, sina la kusema zaidi ya hili: humfikisha mtu nyumbani, nako ni kusudio zuri. Ubaya ni kuviacha hapo mwaka mzima. Wala bomba la kumwagilia maua lisitiwe mahali pa bomba la hewa. Likipata moto hulainika, na injini ikivuta kwa nguvu, kuta zake hukutana, gari ikakosa pumzi kama mtu aliyekabwa koo.

Uvujaji wa baada ya kilango una tabia nyingine. Injini ikitulia bila ya kukanyagwa, kilango huwa karibu kimefungwa, na ndani ya manifoldi hewa huwa chache, kwa kawaida chini ya nusu ya ule mkandamizo wa hewa ya nje. Kwa hiyo ufa mdogo wa gasketi, au kibomba chembamba kilichochomoka, hunyonya kwa nguvu. Sauti yake ni mluzi mwembamba. Hewa hiyo ya wizi haikupimwa, kwa hiyo petroli huwa chache kwa hewa iliyopo. Injini hutetemeka, au hunguruma juu juu bila ya kuamriwa, na katika magari mapya taa ya onyo huwaka. Wengi hubadili plagi mara tatu, ilhali ugonjwa uko kwenye gasketi. Mtu achukue kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni na ncha nyingine aipitishe polepole kwenye viungo, akijihadhari na feni na mikanda, mluzi utamwonyesha. Kumwagia petroli viungo hivyo ili kusikiliza injini ikibadilika sauti ni mchezo wa moto, na mwenye kuufanya asishangae gari ikiungua.

Gasketi ya manifoldi ikibadiliwa, nyuso zote mbili zikwanguliwe taratibu zisitiwe mikwaruzo, na nati zikazwe kuanzia za katikati kwenda za pembeni, kidogo kidogo, kwa mizunguko miwili au mitatu. Anayekaza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya kugusa upande wa pili hupinda bomba na kulifungulia ufa yeye mwenyewe.

Vijana wenye Vespa za zamani, zile zitiwazo mafuta ya kulainisha pamoja na petroli, wana sababu zaidi ya kuogopa. Kiungo cha kabureta kikivuta hewa, petroli iingiayo huwa chache kwa hewa iliyopo, na mafuta ya kulainisha huja nayo hiyo petroli. Joto hupanda, na pistoni hunasa katika silinda ghafula, hata kijana akiwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe na ukuta u karibu na kiwiko chake.

Gari za dizeli zenye turbo huvuta hewa na kisha kuisukuma kwa nguvu. Hapo, baada ya turbo, bomba likivuja hewa hutoka nje badala ya kuingia, na gari hupanda mlima kwa moshi mweusi. Mabomba hayo yakiwa na mafuta midomoni huruka, kwa hiyo yanahitaji klipu imara zaidi.

Limebaki la maji. Mdomo wa kwanza wa njia ya hewa umewekwa juu kwa makusudi. Wako wauchomoao bomba lake ili gari "ipumue vizuri", wakaliacha sanduku la chujio wazi chini. Masika yakija na barabara ikajaa, injini itakunywa. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyakuta juu ya silinda, mkono wake hupinda, na gharama yake ni kuifungua injini nzima. Aliyezimikiwa na gari majini asijaribu kuiwasha tena papo hapo. Aisukume pakavu, afungue chujio atazame kama limelowa.

Na kila wakati bomba likiwa limefunguliwa kwa kazi hizi, mdomo ulioachwa wazi uzibwe kwa kitambaa kisije kikaingia kijiwe au nati. Kitambaa hicho kiwe kikubwa, tena chekundu, na ncha yake ining'inie nje, ili fundi akiitwa kwenda kunywa kahawa asije akakisahau ndani.