Kurudia Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Msikilizaji, mwimbaji Carnie Wilson wa Marekani alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito mwaka 1999. Baada ya miaka kadhaa, uzito ulirudi. Mwaka 2012 akaingia tena chumba cha upasuaji, safari hii akawekewa mkanda wa kubana tumbo kwa ndani.

Uzito kurudi si uvivu, wala si aibu. Mwili hupigania uzito wake wa zamani, na njaa huongezeka. Wakati mwingine mkanda huteleza, au tumbo lililopunguzwa hutanuka.

Wanaoogopa kurudia wana sababu. Upasuaji wa pili huwa na hatari zaidi kuliko wa kwanza, kwani makovu ya ndani hushikamanisha viungo na mishono huweza kuvuja. Lakini hofu isiamue peke yake. Vipimo kwanza, uamuzi baadaye.

Kwa hiyo muulize daktari: je, nipimwe tumbo kwa kamera? Tatizo liko wapi hasa? Wewe umewahi kurudia upasuaji kama huu? Dawa na ushauri wa lishe haviwezi kutosha? Wapo ambao kwao hutosha.

Anayetapika kila mara au kushindwa kumeza asisubiri hata kidogo.

Vipimo kwanza, uamuzi baadaye. Nenda kliniki, na ubebe karatasi za upasuaji wako wa kwanza.