Mfereji wa Mtaa ni wa Nani?



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari ya kitu ambacho wengi wetu hukivuka kila siku bila kukitazama, nacho ni mfereji upitao mbele ya nyumba zetu. Labda mtu atasema, "Je, hakuna jambo kubwa zaidi la kusemwa katika redio?" Naomba mnistahimili kidogo. Mfereji ni kitu kidogo machoni, lakini ukizibwa, maji yake huingia nyumbani mwa mtu usiku wa manane bila kubisha hodi, yakamharibia godoro, unga, na vitabu vya watoto. Tena huweza kuwatia majirani wawili katika uadui wa miaka mingi. Basi leo tuulizane swali moja tu: mfereji wa mtaa ni wa nani?

Mfano wangu nitautoa katika mji wa Dar es Salaam. Watu waujuao mji ule wanajua habari za Mto Msimbazi. Mto huo huanza katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita katikati ya mitaa yenye watu wengi, kisha huingia baharini karibu na Daraja la Selander. Wakati wa kiangazi mtu aweza kuudharau. Lakini zije mvua za masika, kati ya Machi na Mei, ama za vuli mwishoni mwa mwaka, ndipo mto ukumbukapo njia zake za zamani.

Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha mjini, na watu wa hali ya hewa walisema kuwa mvua kama hiyo haikuonekana tangu mwaka 1954. Watu wapatao 40 walikufa. Katika Bonde la Jangwani watu walipanda juu ya mapaa ya nyumba wakingoja kuokolewa, na baadaye Serikali iliwapa wengi wao viwanja Mabwepande, mbali na bonde. Sisemi kwamba gharika ile ilitokana na taka tu, la. Mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi, na watu walikuwa wamejenga mahali ambapo mto una haki yake. Lakini gharika kama ile huja mara chache, na mvua ya kawaida huja kila mwaka. Hiyo mvua ya kawaida haikupasa kumtoa mtu kitandani mwake. Ikimtoa, mara nyingi sababu yake ni mfereji uliozibwa.

Sasa tutazame jinsi mfereji uzibwavyo. Maji hayana werevu wala hayana chuki. Kazi yake ni kutafuta mahali pa chini. Yashukapo katika vichochoro visivyo na lami huchukua mchanga. Yakienda kwa nguvu, mchanga huenda pamoja nayo. Yakipungua mwendo, mchanga hutua. Basi ikitupwa chupa moja ya plastiki, ikakwama chini ya kijidaraja cha mbao mbele ya nyumba ya mtu, majani hushikwa na chupa, mfuko hushikwa na majani, na mchanga hutua nyuma yake. Baada ya siku chache pamekuwa na boma dogo. Kila kitu peke yake kilikuwa chepesi. Pamoja vimekuwa ukuta.

Kuna tena makosa mawili ambayo hutendwa na watu wenye nia njema. La kwanza, watu huzoa mchanga na takataka mferejini, wakafanya kazi kwa jasho, kisha wakaacha chungu lile pale pale ukingoni. Mvua ya kesho hulirudisha lote ndani. La pili, mtu humlipa kijana mwenye mkokoteni achukue taka zake, wala haulizi zapelekwa wapi. Huenda zimemwagwa mferejini, nyumba kumi chini yake. Mtu huyo ametoa fedha yake kununua dhiki ya jirani.

Nitawapigieni mfano. Tuseme kuna nyumba mbili, moja juu penye mwinuko, na moja chini karibu na bonde. Katika nyumba ya juu amekaa mama mmoja, mtu mwema na msafi sana. Kila asubuhi hufagia ua wake, akakusanya taka pembeni, akangoja mvua. Mvua inyeshapo husukuma chungu lote mferejini, na maji hulichukua. Ua wake hung'aa, naye humshukuru Mungu. Katika nyumba ya chini amekaa bibi mzee. Siku hiyo hiyo bibi huyo yu magotini, akiteka maji sebuleni mwake kwa sufuria.

Asubuhi yake bibi alipanda juu polepole, amechukua kikapu, akabisha hodi.

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo humu? Watoto hawajambo?"

"Hatujambo, bibi. Karibu kiti."

"Ahsante, nimekwisha karibia. Nimekuletea amana yako." Akafunua kikapu. Mlikuwamo vifuu, maganda ya ndizi, chupa mbili, na kandambili moja ya mtoto.

Mama aliitazama ile kandambili. Tangu jana walikuwa wakiitafuta. Akaona haya, akasema, "Bibi, niwie radhi. Sikujua kama yafika kwako."

"Najua hukujua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja kwako wewe kwanza, wala sikwenda kwa mwenyekiti."

Wasikilizaji, neno la bibi huyo lina hekima. Wengi wetu hatutendi ubaya kwa kupenda ubaya; twatenda kwa sababu hatuoni mwisho wa kitendo chetu. Wahenga walisema, "Mchuma janga hula na wa kwao." Lakini katika habari ya mfereji ni vibaya zaidi: mchuma janga halili hata kidogo, jirani yake hula lote.

Tena taka zenyewe si jambo lililo baya kupita yote. Wako watu ambao mvua ikinyesha sana hutapisha vyoo vyao, maji machafu yakaenda mferejini pamoja na ya mvua. Hapo kinachomfikia jirani si uchafu wa kuudhi macho tu, bali ni ugonjwa. Vijidudu vya kipindupindu hutoka katika choo cha mgonjwa, vikaingia katika maji na chakula cha mtu mzima wa afya. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi ya Tanzania, na maelfu ya watu waliugua.

Na maji yasiyokwenda yana wageni wake. Mbu waenezao matende na mabusha hupenda sana maji machafu yaliyotuama katika mifereji na mashimo ya vyoo. Mbu wa homa ya dengi, ambayo ilisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huzaa katika maji kidogo yaliyomo ndani ya makopo, vifuu, na magurudumu ya zamani. Katika nchi yetu ya joto, yai la mbu laweza kuwa mbu kamili kwa muda wa juma moja hata mawili. Basi mfereji ukizibuliwa na makopo yakimwagwa maji kila juma, mbu wengi watakufa kabla hawajaota mbawa.

Wengine watasema, "Kazi hii ni ya Serikali." Ni kweli kwamba mifereji mikubwa, mabarabara, na magari ya taka ni kazi ya halmashauri, na raia wana haki ya kuidai. Lakini tusikilize habari ya mtaa wa Hanna Nassif, katika Kinondoni, ulio kando ya bonde lile lile la Msimbazi. Mtaa huo ulikuwa umejengwa bila mpango, na mvua iliwatesa wakazi wake. Katika miaka ya 1990 wakazi walishirikiana na Serikali na Shirika la Kazi Duniani, wakajenga mifereji ya maji ya mvua kwa mikono yao wenyewe. Wanawake kwa wanaume walishika majembe na mabeleshi, wakalipwa ujira, na fedha hiyo ikabaki mtaani. Faida yake kubwa haikuwa saruji peke yake. Mtu aliyechimba mfereji kwa jasho lake hawezi kuutazama tena kama kitu kisicho na mwenyewe.

Hata hivyo yatupasa kukumbuka kuwa kujenga ni kazi ya msimu mmoja, na kutunza ni kazi ya kila siku. Amri nayo yafaa, lakini haitoshi. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile ambayo watu waliiita rambo. Lilikuwa jambo jema. Lakini chupa zimebaki, na maganda ya ndizi hayakupigwa marufuku na mtu. Kadhalika mwaka 2015, tarehe 9 Desemba, Rais John Magufuli aliagiza kwamba badala ya sherehe za Uhuru watu wote wafanye usafi, naye mwenyewe alionekana akiokota taka. Siku moja ya usafi ni mwanzo mzuri, lakini mwaka una siku nyingi.

Basi tufanye nini? Nina mashauri manne, wala hakuna hata moja lililo zito.

La kwanza, kila nyumba izibue mfereji ulio mbele yake mara moja kila juma, na mchanga uliotolewa upelekwe mbali na ukingo siku hiyo hiyo. Mchanga safi huweza kujazia mashimo ya njia.

La pili, kila kijidaraja kijengwe kwa vipande vinavyoinuliwa, ili beleshi lipite chini yake.

La tatu, umpapo mtu taka zako, muulize azipeleka wapi. Kama majirani kumi wakikubaliana kumlipa mtu mmoja mwaminifu, watajua taka zao zaenda wapi, na gharama itakuwa ndogo kwa kila mmoja.

La nne, mwende katika mkutano wa mtaa. Wakazi wote wa mtaa wenye umri wa miaka 18 na zaidi wana haki ya kukaa katika mkutano huo, na mwenyekiti huchaguliwa nao. Lakini mara nyingi viti huwa vitupu, kisha watu hulalamika barazani. Maneno ya barazani hayaandikwi katika kitabu cha mkutano. Ya mkutanoni huandikwa, na mwenyekiti aweza kuulizwa habari zake tena.

Nanyi wanafunzi mnaosikiliza, mna kazi moja iliyo rahisi. Siku ya mvua, mvua ikiisha, fuateni mfereji wenu kutoka mwanzo wake hata mwisho, mkaandike katika daftari ni mahali gani maji yamekwama, na kwa sababu gani. Kisha mpelekeeni mwalimu wenu, na yeye ampelekee mwenyekiti. Mtakuwa mmechora ramani ambayo huenda hata wakubwa wenu hawanayo.

Sasa narudi katika swali letu: mfereji wa mtaa ni wa nani? Wengine husema ni wa Serikali, na wengine husema hauna mwenyewe. Mimi nasema hivi: mfereji ulio mbele ya mlango wako ni wa jirani yako wa chini, kwa maana ukizibwa au kuchafuka hapo ndiye atakayeteka maji sebuleni. Na mfereji wako wewe uko mbele ya mlango wa jirani yako wa juu. Kila mtu ameshika amana ya mwenziwe. Ukiitunza amana ya mwenzio, una uso wa kumwomba jirani wa juu akutunzie yako.

Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kazini, simama kidogo ukingoni, utazame ndani. Kama iko chupa, iokote.