Honi ya Pikipiki: Maneno Yaliyosemwa Kwenye Mkutano wa Wanachama

(Katibu ameomba maneno haya yaandikwe hapa ubaoni kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ya mkutano. Yameandikwa kama yalivyosemwa, ila vicheko na kelele za vijana zimeachwa.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana wa pikipiki mliosimama kule nyuma karibu na njia ya kutokea:

Nimepewa nafasi niseme juu ya honi. Naona wengine wanacheka. Hata mimi zamani ningecheka, mkutano wa ushirika unaojadili mbegu na bei ya karoti uache kazi ujadili honi! Lakini sababu mnaijua. Mama yetu yule ameketi pale mbele, mkono wake bado umefungwa. Alikuwa anapanda mlima na mzigo wa kuni, mimi nikatokea nyuma yake na pikipiki ya ushirika, nikabonyeza honi mpya nikiwa hatua mbili tatu tu kutoka mgongoni kwake. Pikipiki haikumgusa hata kanga. Alishtuka, akaruka pembeni, akaangukia mtaroni na kuni zikamwangukia, mkono ukavunjika.

Kwa siku kadhaa mimi nilikuwa napita nasema, "Jamani, sikumgonga." Mama, nimekwisha kuja kwako nyumbani kuomba radhi, na leo narudia mbele ya watu wote. Kugonga sikugonga. Kuangusha nimekuangusha.

Sasa kuna hoja mezani kwamba honi kubwa zote zing'olewe kijijini. Vijana nao wanasema haiwezekani, bila honi kubwa watakufa barabarani. Mimi ndiye niliyefanya kosa, tena ndiye dereva wa chombo chenu, kwa hiyo nimeomba niseme ninachokijua. Nitasema na mambo ya nyaya, maana hapo napo nilifanya ujinga ambao wengi wenu hamkuusikia.

Tuanze na ukweli wa vijana. Barabara yetu mnaijua. Kutoka Soni kuteremka Mombo ni kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo. Basi linapanda, injini inanguruma, vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua, dereva anakata kona kwa upana kwa kuwa gari lake ni refu. Wewe unateremka na matenga mawili ya nyanya. Ile honi ndogo inayokuja na pikipiki kutoka dukani inalia "piii", dereva wa basi haisikii kabisa. Nimepita hapo miaka mingi, najua. Mtu anayesema honi kubwa ni ya majivuno tu hajakutana na basi pale kwenye kona akiwa na mzigo.

Lakini hebu tuulizane, kabla hujanunua honi mpya, ile ya zamani uliitazama? Wengi wetu tunaona honi imefifia, tunakimbilia dukani. Ndani ya honi kuna bati jembamba na sumaku ya umeme. Sumaku inavuta bati, bati likivutwa linakata umeme lenyewe, linarudi, umeme unapita tena, linavutwa tena, hivyo hivyo mara mia kadhaa kwa kila sekunde. Huo mtetemo ndio sauti. Nyuma yake kuna skrubu ndogo ya kurekebisha. Skrubu ikilegea au vumbi na kutu vikiingia, honi inakoroma kama mzee mwenye kikohozi. Geuza robo mzunguko, sikiliza, geuza tena kidogo. Safisha na ncha za nyaya kwa msasa, na ule waya unaofungwa kwenye bodi. Halafu tazama betri. Betri nzima ya volti 12, pikipiki ikiwa imezimwa, inasoma kama 12.6, injini ikizunguka vizuri inafika karibu 14. Kama yako inasoma 11 na kitu, hata ukifunga honi ya meli haitalia. Nimekwisha kuwatengenezea watu watatu hapa kijijini honi zao kwa bisibisi na kipande cha msasa, na hela yao ya honi mpya wakabaki nayo mfukoni.

Haya. Tuseme umetazama yote hayo, na bado unataka kubwa. Mimi nilinunua zile mbili zenye umbo la konokono, za gari, moja sauti nzito na nyingine nyembamba. Ujinga wangu wa kwanza ukaanzia hapo. Nilichomoa honi ya zamani, nikachukua nyaya zake mbili, nikazifunga moja kwa moja kwenye honi mpya. Zikalia! Nikafurahi, watoto wakafurahi.

Sasa sikilizeni hesabu. Honi ya zamani inakula umeme wa ampea 2 hivi. Hizi za konokono moja inakula kama 4, mbili ni 8. Waya uliotengenezwa kwa ajili ya 2 unabebeshwa 8. Ni kama kumpa mtoto wa darasa la kwanza gunia la viazi. Na kile kitufe cha kwenye usukani kina vibati vidogo sana ndani yake, kila ukibonyeza vinatoa cheche, mwishowe vinaungua au vinashikana. Vikishikana honi hailii tena kwa amri yako. Mimi vilishikana nikiwa napita mbele ya nyumba yenye msiba. Sitaki kusimulia sana. Waliokuwepo wanajua nilivyoruka kwenye pikipiki na kuanza kung'oa nyaya kwa mikono mbele ya wafiwa.

Na hata hapo sikujifunza. Fyuzi ikawa inakatika kila mara. Fyuzi ikikatika, umeme wote unaopita hapo unakatika nayo, na fyuzi yenyewe ilikuwa inaniambia wazi kwamba mzigo ni mkubwa. Mimi nikatoa fyuzi nikaweka ile karatasi ya kung'aa ya kwenye pakiti ya sigara. (Naona vijana wawili watatu wanatazama chini. Tutaonana baadaye.) Basi siku moja nikasikia harufu ya plastiki, nikaona moshi unatoka chini ya tangi. Chini ya tangi la petroli, ndugu zangu! Plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka kama nta. Nilichomoa waya wa betri kwa haraka, moto haukushika. Pikipiki hii tulichangishana misimu miwili kuinunua, na ingebaki mifupa kwa sababu ya karatasi ya sigara.

Njia sahihi ni kutumia relei. Relei ni kidude cheusi cha mraba, kidogo kama kiberiti, bei yake haizidi ya kilo chache za karoti. Kazi yake ni hii: kitufe chako kinatuma umeme kidogo, chini ya robo ya ampea, kuiamsha relei; relei ikiamka inafungua njia nyingine nene ambako umeme mkubwa unatoka betri moja kwa moja kwenda kwenye honi. Kitufe kinatoa amri tu, mzigo hakibebi.

Relei ina miguu minne, na kila mguu una namba yake: 30, 85, 86 na 87. Kabla ya kugusa chochote chomoa betri, waya wa hasi kwanza. Zile nyaya mbili za honi ya zamani funga kwenye 85 na 86. Ukichukua relei ya kawaida haidhuru upi umekwenda wapi, hata kama pikipiki yako kitufe kinakata upande wa moto au upande wa bodi. Mguu wa 30 unapata waya mpya kutoka chanya ya betri, na hapo karibu kabisa na betri weka fyuzi ya ampea 15, fyuzi ya kweli. Mguu wa 87 unakwenda kwenye honi. Upande wa pili wa honi urudishe hasi ya betri kwa waya mzuri, usitegemee bodi yenye rangi na kutu. Waya uwe wa milimita za mraba 2.5. Ukipata relei ya miguu mitano, yenye 87a, ule wa 87a uache wazi. Ukikosea ukafunga hapo, honi italia wakati wote na itanyamaza ukibonyeza!

Juu ya kuifunga honi yenyewe: mdomo uelekee mbele na chini kidogo ili maji yasikae. Ishikwe na kile kibati chake tu, isiguse kitu kingine, maana ikiguswa sauti inakufa. Kisha geuza usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, uone haibani waya wa klachi wala breki. Usipime haya barabarani.

Jambo jingine ni betri. Betri zetu hizi ndogo na jenereta ndogo, honi mbili zinakula karibu wati 100, wakati taa ya mbele nyingi ni wati 35. Ukibonyeza kwa kifupi hakuna neno. Ukiimba nayo nyimbo kijiweni, asubuhi pikipiki utaisukuma.

Nirudi sasa kwa mama yetu. Sauti ina kawaida yake: umbali ukipungua nusu, inaongezeka desibeli 6. Kanuni ya 28 ya Umoja wa Mataifa, inayotumiwa na watengenezaji katika nchi nyingi, inasema honi isizidi desibeli 112 ikipimwa umbali wa mita 7. Tuseme yangu ni 105 kwenye mita 7. Kwenye mita tatu na nusu ni 111. Kwenye chini ya mita mbili, pale alipokuwa mama, ni 117. Hiyo imekaribia mahali pa kuumiza sikio. Honi iliyotengenezwa ili dereva wa basi aisikie toka mbali, mimi nilimpigia mtu aliyekuwa karibu nami kiasi cha kuweza kumwambia, "Hodi mama, naomba njia."

Na kuna siri nyingine ambayo dereva hapendi kuisema. Nilibonyeza honi kwa sababu sikutaka kupunguza mwendo. Ukienda kilomita 40 kwa saa, kila sekunde moja unakula mita 11. Ukitumia sekunde hiyo kupiga honi ukitegemea mwenzako ahame, mita 11 zimekwisha na breki hujagusa. Kidole gumba cha kushoto ndicho cha honi. Breki ziko mkono wa kulia na mguu wa kulia. Zote zinaweza kufanya kazi pamoja, lakini mtu mwenye honi kubwa anasahau upande wa kulia. Mimi nilisahau.

Kwa hiyo, ndugu Mwenyekiti, sikubaliani na kung'oa zote, wala sikubaliani na kuziacha zilivyo. Hiki ndicho nilichofanya kwenye pikipiki ya ushirika tangu juma lililopita. Honi ndogo ya zamani nimeirudisha kwenye kitufe chake. Hiyo ndiyo ya kijijini, ya sokoni, ya shuleni, na hata hiyo nipige toka mbali. Za konokono nimezifungia kitufe cha pili, upande ule ule wa kushoto lakini chini kidogo, ili kidole kisiende huko kwa bahati mbaya. Mguu wa 86 nimeupa moto kutoka waya wa swichi ya taa ya breki, ambao unapata umeme ufunguo ukiwashwa tu, kwa hiyo watoto hawawezi kuichezea ikiwa imeegeshwa. Mguu wa 85 unakwenda kwenye kitufe kipya, na kitufe kinakwenda kwenye bodi. Hizi kubwa ni za kona za mlimani, mara moja kabla ya kuingia kona, siyo katikati ya kona. Ile yenye sauti nzito usiiache dukani ukachukua nyembamba peke yake, kwa kuwa sauti nzito inazunguka ukuta wa kona vizuri zaidi kuliko nyembamba.

Wale wenye ving'ora vya kupanda na kushuka, hivyo ni vya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Hapo sina la kuwatetea. Toeni kabla hamjatolewa.

Hesabu ya matibabu ya mama nimeikabidhi kwa mtunza hazina. Nusu nimelipa, nusu nitalipa baada ya mauzo ya kabichi, na kuni nampelekea mimi kila Ijumaa mpaka mkono ufunguliwe.

Vijana, Jumamosi saa nne nitakuwa nyuma ya ghala na bisibisi, msasa na kipima umeme. Relei nimenunua sita, zinauzwa kwa bei niliyonunulia, katibu anazo. Waya na fyuzi kila mtu aje na vyake. Na wale wa karatasi ya sigara waje kwanza, kabla ya saa nne.