Chuo Kikuu na Kijana Mwenye Ulemavu wa Akili



Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili ana swali linalomnyima usingizi: shule ikiisha, mwanangu ataenda wapi? Nchini Marekani swali hilo lina tarehe. Sheria ya mwaka 1975 iliyowafungulia watoto hawa milango ya shule za umma huwahudumia, katika majimbo mengi, hadi wafikapo miaka 21. Tangu marekebisho yake ya 2004, shule inatakiwa ipange maisha ya baadaye ya mwanafunzi kabla hajavuka miaka 16. Mpango huandikwa, husainiwa, na mara nyingi huishia kwenye jalada. Umri ukitimia, basi la shule halipiti tena. Kijana aliyezoea kuamka saa kumi na mbili asubuhi hana pa kwenda, na stadi alizozipata kwa jasho, kama kuhesabu chenji au kusoma ratiba ya basi, huanza kupotea kwa kukosa matumizi. Wengi waliishia kwenye karakana za watu wenye ulemavu peke yao, ambako sheria ya kazi ya 1938 iliruhusu walipwe chini ya kima cha chini cha mshahara.

Programu za vyuo kwa vijana hawa zimezaliwa katika pengo hilo. Chuo Kikuu cha Alberta mjini Edmonton, Kanada, kilianza programu yake mwaka 1987. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha George Mason kilianza 2002, Chuo Kikuu cha Vanderbilt mjini Nashville 2010, na leo programu za aina hii zimepita 300. Kilichozisukuma zaidi ni fedha. Sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2008 iliruhusu mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili, hata asiye na cheti cha sekondari na asiyesomea shahada, apate ruzuku ya serikali ya shirikisho akijiunga na programu iliyoidhinishwa. Mikopo haikuruhusiwa. Naelewa hofu ya kumtwisha deni, lakini baadhi ya programu hizi hutoza makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka, na ruzuku haifiki huko. Mtoto wa mwenye nacho anaingia. Wa mlinzi wa usiku anabaki nyumbani. Hilo ni doa kubwa, na sisi wa chuo hiki tusilirithi.

Kuna kipengele kimoja cha sheria hiyo ninachokiona kuwa roho ya jambo zima. Angalau nusu ya ushiriki wa mwanafunzi katika masomo lazima iwe pamoja na wenzake wasio na ulemavu: darasani kwa alama au bila alama, au katika mafunzo ya kazini. Unaweza kujenga jengo zuri pembeni ya kampasi, ukaweka vitanda na jiko la kujifunzia kupika, ukaliita chuo. Kumbe umejenga kitengo kingine cha elimu maalumu, safari hii chenye nembo ya chuo kikuu.

Tuingie darasani basi, katika kozi ya historia. Kabla ya muhula, mhadhiri, mwanafunzi na mratibu wa programu wanaketi na kukubaliana atajifunza nini. Wenzake wataandika insha ya kurasa kumi juu ya ukoloni. Yeye atachagua picha tano, atasimulia kila moja kwa sauti yake na kuirekodi, kisha atasimama mbele ya darasa aulizwe maswali kama mwingine yeyote. Mwenzake wa mwaka wa pili anakaa naye maktaba mara mbili kwa wiki kupitia mhadhara, na anakatazwa kumfanyia kazi. Mchana wanakula pamoja. Alasiri anakwenda kazini, labda kupanga vitabu kwenye rafu, na akichelewa msimamizi wake anamwambia kama anavyowaambia wengine. Siwezi kusisitiza vya kutosha thamani ya kuambiwa hivyo. Vijana hawa wamezoea kusamehewa kila kitu, na asiyedaiwa chochote hajifunzi kudai chochote.

Mwisho wa kozi mwanafunzi hupewa cheti. Je, mwajiri atakijali? Cheti kisichosema aliyekipata anaweza kufanya kazi gani, amefanya wapi na kwa muda gani, ni karatasi ya kutundika ukutani.

Hapa kwetu, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 24 ya mkataba huo haiishii shule ya msingi. Inataja elimu ya juu na elimu ya watu wazima, bila ubaguzi. Vitengo vya elimu maalumu tunavyo katika shule za msingi, na walimu wake nawavulia kofia. Lakini kijana wa miaka 19 anayerudi nyumbani kutoka kitengoni anarudi kwa mama yake, naye mama anaacha biashara ili amlinde.

Ombi langu kwa Seneti ya chuo ni dogo. Tusisubiri jengo wala mfadhili. Tuwapokee vijana wachache katika kozi tulizo nazo, kwa ada ambayo mama muuza mboga ataimudu, na wanafunzi wa ualimu watakaosoma nao wahesabiwe muda huo kama sehemu ya mazoezi yao ya kufundisha. Maktaba, jiko na bustani za chuo hiki zina kazi. Watakaozifanya vizuri waajiriwe, kwa mshahara ule ule wa kazi ile ile.